Waya Ndogo Juu ya Paa

Wa kwanza kulalamika alikuwa Yotham wa Usevya.

"Mpanda, Mpanda, hapa Usevya. Mama Provi, mwambie huyo bwana aliyekaa na wewe asubiri zamu yake. Wewe ukibonyeza kuongea, na yeye anaongea nyuma yako. Sasa mimi nishike lipi? Ova."

Emelyne aligeuka. Chumba cha redio koli kilikuwa na meza, kiti, na betri za gari zilizopangwa sakafuni. Mlangoni alikuwepo binti yake Providence, amekaa kwenye kizingiti, anamenya karanga na kuimba wimbo alioutunga mwenyewe. Hapakuwa na bwana yeyote.

"Usevya, hapa Mpanda. Niko na mwanangu tu. Labda unadaka kituo kingine. Ova."

"Mama Provi, mimi siyo mgeni wa kazi hii. Kituo kingine kimejuaje jina lako? Anasema Emi. Emi, Emi, kama mtu anayebembeleza. Sikulaumu, wewe bado kijana, lakini mwambie asubiri tumalize habari za dawa. Ova."

Emelyne aliachia kitufe cha kipaza sauti. Mpanda nzima ilimwita Mama Provi, na wachache walimwita Emelyne. Emi lilikuwa jina la mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa ameonekana tangu mwaka tisini na tatu.

Aliagiza dawa za Usevya kama kawaida.

Ilikuwa masika ya mwaka tisini na sita. Kituo kile cha misheni kilikuwa Shanwe, mtaa mmoja wa Mpanda, na kwa zahanati na parokia za vijijini ndicho kilichokuwa simu yao. Mama mjamzito akizidiwa, redio koli. Dawa zikiisha, redio koli. Mtu akifa mbali na kwao, ni Emelyne aliyepokea habari na kuipeleka. Tatizo la masika lilikuwa kelele. Radi ikipiga popote kati ya Ziwa Tanganyika na Tabora, spika ilikwaruza. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa, spika ilinguruma. Siku nyingine mtu wa upande wa pili alirudia neno moja mpaka akakata tamaa.

Ndiyo sababu misheni ilimwita Leodgar, fundi wa redio kutoka Sumbawanga. Leodgar alikuja na kisanduku cha rangi ya kijivu, kikubwa kidogo kuliko tofali. Alimweleza Emelyne kinavyofanya kazi, naye alielewa, maana fundi yule hakupenda maneno makubwa.

"Dada, ile antena yako ndefu iliyofungwa kati ya nguzo inasikia vyote, mtu na kelele. Sasa naongeza waya nyingine, ndogo. Hii haifiki mbali. Inasikia vya hapa hapa tu: mashine ya kusaga, jenereta, nyaya za umeme. Kisanduku kinachukua kilichosikiwa na waya ndogo, kinakipindua, halafu kinakitoa kwenye kile kilichosikiwa na antena kubwa. Umewahi kuchambua mchele? Basi. Waya ndogo inaonyesha mawe, kisanduku kinayatoa. Unabaki na mtu wako wa Usevya peke yake."

Waya ndogo ilihitaji mahali palipo mbali kidogo na nguzo. Leodgar alitazama huku na huku, kisha akaipitisha juu ya paa la nyumba ya Emelyne, nyuma ya kituo. Ilipita juu ya chumba alicholala Providence. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Kilikuwa kipande cha waya tu.

Emelyne alikuwa Mrundi wa Katumba. Wazazi wake walivuka mpaka yeye akiwa mgongoni, wakapewa shamba kwenye makazi ya wakimbizi, wakalima mahindi na tumbaku. Hapo hapo Katumba aliolewa na Didace, mlima tumbaku mwenye maneno mengi, ambaye angeweza kusimulia safari ya kwenda kisimani watu wakashika mbavu. Mwaka tisini na tatu, Burundi ilipopiga kura na watu wakasema mambo yametulia, Didace alipanda lori kwenda kuangalia shamba la baba yake. Alisema atarudi mvua za kwanza zikianza. Mvua zilianza, na pamoja nazo zikaanza habari za mauaji. Waliorudi walirudi bila yeye. Mmoja alisema alimwona barabarani. Mwingine alisema hakuna aliyepona kwenye kijiji kile.

Emelyne aliomba kazi ya redio mwaka uliofuata. Aliwaambia watu ni kwa ajili ya kumlisha mtoto, na ilikuwa kweli. Lakini kila kituo kipya kilipoingia hewani kutoka upande wa ziwa, alimaliza habari za kazi kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu aliyemsikia Didace, mwenye pengo la jino la mbele.

Shemeji yake Telesfori, mdogo wa Didace, alikuwa anakuja na baiskeli kutoka Katumba kila baada ya mavuno. Alikaa, akanywa uji, akasema lile lile.

"Shemeji, watu wanatusema. Kaka yangu hatujamfanyia kuganduka."

Kuganduka, kwao, ni siku ya kumaliza msiba. Ndugu wanakusanyika, wanakunywa, wanamsema marehemu alivyokuwa, kisha mjane na wote walioshika msiba wanaruhusiwa kuendelea na maisha. Bila siku hiyo msiba unabaki umekaa ndani ya nyumba.

"Mtafanyaje kuganduka kwa mtu hamjamzika?" Emelyne alimjibu kila mara. "Nyie mmeona mwili? Mimi sijaona mwili."

"Shemeji..."

"Kunywa uji, Telesfori. Unapoa."

Jioni ya siku ile aliyolalamika Yotham, vituo vyote vilipoaga, Emelyne hakuzima redio. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya soko na mbu walikuwa wameanza. Alizungusha kitufe cha kisanduku taratibu. Kelele zilipungua kama mvua inayohamia mtaa wa pili. Zilipungua mpaka pakabaki uwazi, na ndani ya uwazi ule mtu alikuwa anapumua.

"Emi."

Bibi yake alikuwa amemfundisha tangu mtoto: ukiitwa jioni na sauti ambayo mwenyewe humwoni, nyamaza. Binadamu ataita tena na atasogea karibu. Kisicho binadamu huita mara moja, kisha kinasubiri. Wote pale Katumba walilelewa hivyo. Lakini sheria ya redio koli ni kinyume chake: kituo kikiitwa kinajibu papo hapo, mara ya kwanza, maana upande wa pili huenda mtu anatokwa damu. Emelyne alikuwa ameifuata sheria hiyo mpaka imeingia kwenye vidole. Mkono ulitangulia kabla ya kichwa.

"Hapa Mpanda. Nakupata. Ova."

"Nakupata, Emi," ilijibu sauti. "Nimekutafuta sana."

Ilikuwa sauti ya Didace. Ilikuwa na ule mluzi mdogo unaopita kwenye pengo la jino. Emelyne aliinamisha kichwa juu ya meza akalia bila kutoa sauti, kipaza sauti kikiwa bado mkononi, na spika iliendelea kumwita. Hakugundua, siku ile wala siku zilizofuata, kwamba sauti ile haikusema ova hata mara moja. Ilikuwa kama mtu aliyeingia mlangoni na hana nia ya kutoka.

Tangu hapo kila jioni aliaga vituo haraka na kubaki. Sauti ilisema iko njiani. Haikusema njia gani. Alipouliza uko wapi, ilisema, "Karibu." Alipouliza nani yuko na wewe, ilisema, "Mtoto amelala?" Ilipenda kuuliza hilo. Chumba kilianza kunuka tumbaku inayokaushwa, harufu ya mashati ya Didace, ilhali jirani hapakuwa na bani la kukaushia tumbaku. Emelyne aliivuta ile harufu kwa pua mpaka kifua kikajaa. Alianza kujipaka mafuta kabla ya kwenda kukaa kwenye redio. Mashosti wake wa kisimani walimtania kwamba Mama Provi kapata mtu, naye hakukataa.

Jioni moja sauti iliuliza, "Yule kuku wenu mwenye mguu mbovu bado yupo?"

"Yupo!" Emelyne alicheka. "Provi anamlisha kuliko anavyokula mwenyewe."

Alipolala alijiuliza ni nani aliyemwambia Didace habari za kuku, maana kuku yule alitotolewa mwaka jana. Akajijibu kwamba lazima alimwambia mwenyewe akasahau.

Provi alianza kukauka sauti. Kwanza aliongea kama mwenye mafua. Zahanati walitazama koo, wakasema koo ni zima, wakampa dawa ya maji. Kisha ule wimbo wake aliokuwa anauimba akimenya karanga ukapungua maneno. Aliimba mwanzo, akasimama, akatafuta kwa macho kama mtu aliyeangusha kitu, akaanza tena mwanzo. Baadaye akawa anaimba kwa kunong'ona. Halafu ikawa midomo tu. Alimwita kuku kwa kupiga makofi. Usiku alimvuta mama yake nguo akamwonyesha dari, akafungua kinywa, na kinywani hamkutoka kitu, hata pumzi ya kulia.

Na kadiri mtoto alivyofifia, Didace alisikika vizuri zaidi. Sasa ilikuwa kama amekaa upande wa pili wa meza.

Emelyne aliyaona yote mawili. Hakuyaweka pamoja, au aliyaweka pamoja kisha akayatenganisha haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

Leodgar alirudi kwa sababu Yotham alipeleka malalamiko misheni: Mpanda haisikiki, kuna mwanaume anaongea juu ya matangazo yote. Alifika mchana, akaegesha pikipiki, akamkuta Provi kwenye kizingiti.

"Mchumba wangu hujambo? Leo huniimbii?"

Mtoto alimtazama. Leodgar aliingia ndani akicheka, na kicheko kikaishia mlangoni.

"Dada, humu ndani mnavuta tumbaku?"

"Hapana."

"Hm."

Alikaa kwenye kiti. Aliwasha, akasikiliza, akazungusha vitufe. Vituo vya mchana vilikuwa vinaongea. Chini yao, kwa kunong'ona, kulikuwa na sauti ya mwanaume. Leodgar alisema kazi ya kutafuta kelele ni kukata kimoja kimoja. Alifungua waya ya antena kubwa nyuma ya redio akaing'oa. Usevya ikapotea. Karema ikapotea. Radi ikapotea. Redio isiyo na antena inatakiwa kubaki na mvumo wake wa ndani, basi.

"Emi," ilisema spika. "Nani huyo aliyekaa kwenye kiti?"

Leodgar hakusogea. Jasho lilimtoka kwenye kidevu likadondoka mezani.

"Dada," alinong'ona. "Unamjua?"

"Mume wangu."

"Yule wa Burundi?"

"Yuko njiani."

Leodgar alinyoosha mkono polepole, kama anayemkaribia nyoka, akang'oa waya ndogo kwenye kisanduku. Spika ikanyamaza. Wakati huo huo kule nje kwenye kizingiti Provi alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kawaida cha mtoto, chenye sauti. Emelyne alikuwa hajasikia sauti yoyote kutoka kwa mwanawe kwa siku nyingi.

"Nisikilize vizuri," Leodgar alisema, akimshika kiwiko. "Hii haitoki Burundi. Ingetoka mbali ingeingia kwa antena kubwa, na nimeing'oa, umeona. Inaingia kwa waya ndogo. Waya ndogo inasikia vya hapa tu. Iko juu ya paa lako, dada. Nani analala pale?"

Emelyne aligeuka akamtazama Provi kwenye kizingiti.

"Kisanduku kinatoa kilichoko pale. Nilikwambia mwenyewe. Mimi nilifikiri kinatoa kelele." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Kakese kuna bibi mmoja, Nyamizi. Nilikuwa nawacheka wanaokwenda kwake. Naenda kumleta. Mpaka nirudi usiguse kitu. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Niangalie usoni uniahidi."

Alimwangalia akaahidi. Pikipiki iliondoka. Emelyne alimchukua Provi akamlaza, akarudi, akakaa kwenye kiti, akatazama ncha ya waya ndogo ilivyoinama nje ya kisanduku. Alijua alichoambiwa. Alijua pia kwamba pikipiki ikirudi, ile sauti haitasikika tena duniani. Alitaka swali moja tu, moja lenye jibu ambalo Didace peke yake angelijua, na jibu likiwa sahihi angemfukuza bibi wa Kakese na fundi wake wote wawili.

Akachomeka.

"Didace. Siku ile kwenye lori, kabla hujapanda, uliniambia nini?"

Harufu ya tumbaku ilijaa.

"Kulikuwa na vumbi," ilisema sauti. "Kitenge chako kilinuka moshi."

"Uliniambia nini?"

"Ulikuwa unalia. Mgongo wako ulikuwa unatikisika."

Siku ile Emelyne alisimama uso kwa uso na Didace, na Didace alimshika mashavu.

"Uliuona uso wangu?"

"Niliiona shingo yako," ilisema sauti kwa upole, na sasa ilikuwa inaongea haraka, kama mtu anayefungua mfuko na kutoa kila alichonacho, "niliiona shingo yako na uzi wa rozari yako, na shavu langu lilikuwa limelala kwenye kitenge, na mtu mkubwa alikuja akanishika kichwa kwa mkono unaonuka tumbaku, akacheka, na jino moja halikuwepo, na ukanirusha juu kidogo ukakaza kitenge, na lori likalia, na mimi nikaona vumbi, na vumbi, na yule mtu hakuwepo tena, Emi, na wewe hukugeuka."

Aliyeona shingo yake siku ile alikuwa mmoja. Alikuwa amefungwa mgongoni, hajafika umri wa kukumbuka, na mwenyewe asingeweza kuyasema hayo hata akiulizwa. Lakini yalikuwa ndani yake, chini kabisa, pamoja na kicheko cha baba yake na mluzi wa jino na harufu ya shati, na kitu fulani kilikuwa kimelala juu ya paa jioni baada ya jioni kikiyachota kwa ile waya, kikiyashona pamoja na kuyavaa, na kila kilipozungushwa kitufe cha kufuta kelele, mama mwenyewe kwa mkono wake alikuwa anakisaidia kumchambua mtoto kama mchele.

Alichomoa waya. Alikimbia nyumbani akamkuta Provi ameketi kitandani, macho wazi yanatazama dari, midomo inacheza. Emelyne aliisoma ile midomo. Ilikuwa inasema Emi.

Bibi Nyamizi alishuka kwenye pikipiki mvua ikianza kunyesha, akamlaani Leodgar kwa uendeshaji wake na akaomba maji ya kunywa. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta la shule la mjukuu wake. Alimshika Provi kidevu, akanusa nywele zake, akaguna.

"Ulimwitikia?"

"Niliitika, bibi."

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza. Kazi ndiyo inavyotaka."

"Kazi!" Bibi alitikisa kichwa. "Na mwenye sauti mlimzika?"

"Hakuna mwili."

"Msiba mliumaliza?"

"Hapana."

"Mwanangu, jini si mwizi wa kuvunja nyumba. Linaingia mahali ambapo mtu ameacha kiti wazi kwa ajili ya mwingine. Wewe, fundi, rudisha ile waya."

"Niirudishe?" Leodgar alishtuka. "Bibi, ndiyo inayoleta!"

"Kama mgeni hayupo nitamfukuza nani? Rudisha. Halafu panda kwenye paa na hiyo plaizi yako, usubiri nikupigie kelele."

Bibi alimweka Provi kwenye mkeka chumbani mwake, chini ya ile waya, akamzungushia unga wa mtama, akakaa nyuma yake na kumkumbatia kifuani. Akamtuma Emelyne kwenye redio.

"Wewe ndiye uliyekifungulia, wewe ndiye utakayekiaga. Utasema kwa kinywa chako kwamba mumeo amekufa. Siyo amepotea. Amekufa. Halafu utanyamaza. Kitaita. Kitaita kwa kila sauti kilichonayo. Usijibu mpaka umsikie mwanao kwa masikio haya, kutoka nyumbani humu, siyo kutoka kwenye hilo dude. Ukijibu hata kwa kuguna, mtoto huyu hataongea tena, na mimi nitarudi Kakese kwa miguu."

Emelyne alikaa. Mvua ilikuwa imefunika bati. Alibonyeza.

"Hapa Mpanda," alisema. "Didace wangu alikufa. Alikufa Burundi mwaka tisini na tatu, na mimi nimekuwa nikilijua hilo. Wewe siye. Nenda."

Akaachia kitufe.

"Emi," ilisema sauti, na ilikuwa inacheka, "Emi, mvua kubwa, nifungulie."

Alijiziba mdomo kwa kitenge.

Ilimwita kwa ile sauti ya Didace ya asubuhi, ya usingizi bado. Ilimwita kwa sauti ya Didace akiwa na homa, ikaomba maji, ikasema kuna watu wanakuja na mapanga na mlango haufungi, ikamwomba asimwache mara ya pili, na Emelyne aliuma kitenge mpaka akasikia ladha ya damu, kwa sababu hayo ya mapanga mtoto hakuyaona, hayo ameyaota yeye mwenyewe miaka yote hii, na kumbe kile kitu kilikuwa kimechota na kwake, kila jioni, yeye akiwa amejipaka mafuta. Kisha ikanyamaza. Kisha spika ikasema, kwa sauti nyembamba aliyoizaa mwenyewe:

"Mama. Mama, nasikia baridi. Mama, niitikie."

Alisimama, akakaa, akashika meza kwa mikono miwili. "Mama," ilisema, "mbona huniitikii?" Na nje alimsikia bibi Nyamizi akipiga kelele "Sasa! Kata!" na hatua za Leodgar juu ya bati, na spika ikarudi kwa sauti ya Didace, safari hii imetulia, ya karibu sana, kana kwamba imeweka mdomo sikioni.

"Basi. Naondoka na changu."

Plaizi ikauma. Redio ikafa.

Kwa muda palikuwa na mvua tu. Halafu kutoka nyumbani mtoto alipiga ukelele, mrefu, mkali, wa mtu aliyetoka tumboni sasa hivi, na baada ya ukelele lilikuja neno.

"Mama!"

"Abee!" Emelyne aliitikia. "Abee, mwanangu! Nakuja, nakuja!" Aliikimbilia ile sauti kwenye mvua, bila viatu.

Kuganduka kulifanyika Katumba, baada ya mavuno. Telesfori hakusema nilikwambia. Alifunga turubai, dada zake wakapika, pombe ya mtama ikaletwa kwenye mitungi na watu wakakaa na mirija. Emelyne alikaa mbele, amevaa kitenge kipya. Provi alikuwa kwenye mapaja yake, anaongea bila kupumua: kuku ametaga, kiatu kinabana, kwa nini yule mzee analia. Emelyne alimwacha aongee. Alikuwa hajachoka kumsikia.

Ukafika wakati wa kumsema marehemu. Jirani alisimulia Didace alivyolima. Shangazi alisimulia alivyomdanganya padre. Kisha watu wakamsukuma Telesfori katikati, wakasema, tuigie, tuigie kaka yako alivyokuwa anaongea, wewe ndiye unayemweza. Telesfori alikataa kwanza. Kisha akaweka ulimi kwenye meno, akatanua mabega kama Didace, akaanza kusimulia ile safari ya kwenda kisimani.

Watu walipasuka kwa kicheko. Wanawake walijipiga mapaja. Mzee mmoja alifuta machozi akasema, ni yeye, jamani, ni yeye kabisa.

Emelyne aliona midomo ya shemeji yake ikienda. Aliona mikono yake. Alisikia watu wakicheka, alisikia mbuzi wakilia nyuma ya nyumba, alisikia mtoto mchanga wa jirani. Lakini pale ambapo sauti aliyoiga Telesfori ilipaswa kuwa palikuwa na mvumo tu, mvumo mtupu wa redio usiku vituo vyote vikiwa vimefunga. Alifumba macho akajaribu kumsikia Didace mwenyewe, ndani kwake, akimwita kwa lile jina. Aliuona uso, pengo la jino, mikono kwenye mashavu yake. Midomo ilifunguka. Hakukuwa na kitu. Naondoka na changu, ilikuwa imesema ile sauti.

Watu walicheka tena. Alicheka nao, kwa kufuata vinywa vyao.

Provi alimvuta sikio. "Mama, baba alikuwa anaongea hivyo?"

"Ndiyo," Emelyne alisema. "Hivyo hivyo."